Mimi Si Jitu, na Sijalala

Wasee, kuna sentensi moja nimechoka nayo kabisa, na leo nataka tuizike.

"Vijana ni jitu lililolala."

Umeisikia. Imesemwa kwenye ile mikutano ya hoteli ya "kuwezesha vijana", ambapo kila mtu amepewa kalamu, kijitabu na chupa ya maji. Imesemwa mazishini na mheshimiwa aliyefika amechelewa na bado akapewa kipaza sauti kabla ya familia. Imesemwa na pasta, na mchambuzi wa redio saa moja asubuhi, na yule mjomba wako wa WhatsApp. Uchaguzi ukikaribia inatolewa kabatini, inapigwa pasi, inavaliwa tena: siku jitu hili litaamka, nchi itatetemeka!

Na sisi tunapiga makofi. Kwani nani hapendi kuitwa jitu?

Mimi nasema hiyo si sifa. Ni matusi yaliyopakwa asali. Inatuambia mambo mawili, na yote mawili ni uongo. La kwanza, ati tumelala. La pili, ati nguvu tayari tunayo, imejikalia tu ndani yetu kama moto ndani ya kiberiti, inangoja siku yake. Uongo wa kwanza unawafaa wao. Uongo wa pili unatufaa sisi, na huo ndio hatari zaidi.

Tuanze na huo usingizi.

Nenda Gikomba saa kumi na moja alfajiri umuulize msee anayechagua kamera kwa tochi ya simu kama amelala. Nenda stejini uwaone watu wa boda, pikipiki zishapigwa kitambaa na jua bado halijatoka. Nenda kwa mjengo uone wale wanaongoja nje ya mabati waitwe, wengine watarudi nyumbani bila kuitwa, na kesho watakuwa hapo tena. Angalia dirisha la beshte yako anayeandikia wanafunzi wa Marekani insha usiku kucha kwa sababu huko ni mchana. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 47,564,296, na karibu robo tatu walikuwa chini ya miaka 35. Robo tatu! Kama robo tatu ya nchi ingekuwa imelala kweli, hakuna chai ingechemka na hakuna matatu ingetoka stejini.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Unajua watu walisema nini? "Lakini huyo kijana ana uwezo." Mpaka leo wanasema. Ana uwezo, ana uwezo. Buda, uwezo haulipi keja. Nikianza kuhariri video saa tatu usiku na kumaliza saa tisa, sijui ni sehemu gani ya hiyo usiku mtu aliniona nimelala. Hilo neno "uwezo" na hilo neno "jitu" ni ndugu wa baba mmoja. Yote mawili yanakusifia kitu ambacho hujakifanya ndio yasikulipe kwa kile unachokifanya.

Halafu kuna wale ambao si kwamba wamelala, wamefungiwa mlango. Kijana wa Garissa ama Mnubi wa Kibra, kwa miaka mingi, alikuwa akifika na cheti cha kuzaliwa na bado anaambiwa arudi na babu yake athibitishe kuwa yeye ni Mkenya. Kupigwa msasa, walikuita hivyo. Bila kitambulisho ama pasipoti huwezi kujiandikisha kupiga kura. Basi huyo mtu miaka mitatu anazungushwa na ofisi, halafu mtaalamu anakuja kwenye televisheni na chati yake kusema vijana hawajali. Hawajali! Mtu anayegonga mlango miaka mitatu unamwitaje aliyelala?

Sasa tuongee kuhusu kodi, maana hapo ndipo huu usemi unajianika.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio kwa watu kama mimi, wanaopata hela kutokana na video na maandishi ya mtandaoni. Mswada ulitaka asilimia 15. Bunge likapunguza, ikawa asilimia 5, ikaanza kukatwa 1 Julai 2023. Sawa. Kodi ni kodi, barabara hazijijengi. Lakini tazama hesabu yake. Siku ya kukatwa, serikali iliniona vizuri sana. Nilikuwa macho, nilikuwa na jina, nilikuwa na nambari ya KRA, nilikuwa mfanyabiashara wa kidijitali, nguzo ya uchumi. Siku ya kugawa bajeti, mimi ni jitu lililolala, tusubiri liamke. Kwa kodi niko macho, kwa bajeti nimelala. Huo si usingizi, hiyo ni ratiba ya mtu mwingine.

Huu usemi wenyewe si wa kwetu, na mara nyingi huegemezwa kwa mmoja wa majemadari wawili maarufu. Wa kwanza ni Napoleon. Eti aliiangalia China akasema iachwe ilale, maana ikiamka itatikisa dunia. Shida ni kwamba hakuna maandishi ya wakati wake yanayoonyesha alisema hivyo. Wa pili ni Yamamoto, jemadari wa jeshi la majini la Japani aliyepanga shambulio la Pearl Harbor la 7 Desemba 1941. Eti baada ya mabomu alihofia kuwa wameamsha jitu. Maneno hayo yako kwenye sinema, Tora! Tora! Tora! ya 1970. Barua ama daftari la Yamamoto lenye maneno hayo, hakuna aliyelionyesha.

Kwa hivyo usemi tunaoutandaza kila mahali umejengwa juu ya maneno mawili ambayo hakuna ushahidi kuwa yalisemwa na waliopewa. Na hebu ona kitu kingine: katika hadithi zote mbili anayeongea ni mtu wa nje. Mmoja ni mshindi wa vita anayeangalia nchi ya wengine, mwingine ni adui anayehesabu madhara. Jitu lenyewe halijaulizwa lolote.

Na kibaya zaidi, Marekani haikuwa imelala. Hii sehemu sinema huiruka. Julai 1940 Bunge lao lilipitisha sheria ya kupanua jeshi la majini kwa karibu asilimia 70. Septemba 1940 wakapitisha sheria ya kuandikisha wanaume jeshini, na 16 Oktoba 1940, kwa siku moja, zaidi ya wanaume milioni 16 wa kati ya miaka 21 na 35 wakaandika majina yao. Mwaka mzima na zaidi kabla ya bomu la kwanza kuanguka Pearl Harbor! Meli zilizokuja kuishinda Japani, nyingi zilishaagizwa na pesa zake zilishapitishwa. Kwa hivyo kama unataka kujua jitu linaamkaje, jibu ni hili: haliamki. Kuna orodha, kuna bajeti, kuna tarehe, na kuna watu walioanza kazi mapema wakati hakuna aliyewapigia makofi. Meli haijengwi kwa hasira.

Kiswahili nacho kina methali yake ya usingizi, na ina ukweli kuliko hao majemadari wote: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Isome tena polepole. Methali hiyo haimfundishi aliyelala chochote. Inamfundisha aliye macho jinsi ya kubaki macho peke yake. Sasa jiulize ni kwa nini mheshimiwa anayekuita jitu lililolala kila mkutano hajawahi kukuja na maji ya kukumwagia usoni. Anakusifia usingizi ukiwa umesimama mbele yake, macho wazi, umevaa tisheti yake.

Hapo nimemaliza na wao. Sasa sisi.

Sisi tunaipenda hii hadithi ya jitu kwa sababu inatupa likizo. Kama mimi ni jitu, sihitaji kufanya kitu leo. Nguvu ipo, si ipo? Siku moja nitainuka. Siku moja tutawaonyesha. Siku moja ndio sala yetu. Hata komenti zetu zimejaa siku moja.

Najua kuna mtu anasema, lakini si tuliamka Juni 2024? Ndio. Na kwa sababu niliwaona wenyewe kwa macho yangu, sitakubali mtu aite ile kazi kuamka.

Kumbuka kilichotendeka kabla ya barabara. Watu waliketi chini wakausoma Mswada wa Fedha wa 2024, ule mrefu unaochosha macho. Wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ndio nyanya zao waelewe mkate utapanda bei kwa nini. Wengine wakatengeneza programu za akili bandia unaziuliza swali kuhusu mswada zinakujibu. Kuna waliotafuta nambari za simu za wabunge na kuzisambaza. Kuna mawakili walioacha kazi zao kwenda vituo vya polisi kutoa watu. Kuna madaktari na wanafunzi wa udaktari waliofungua vituo vya huduma ya kwanza. Kuna waliochangisha pesa za hospitali na za mazishi. Hiyo ni kazi, tena kazi ya mikono, macho na usingizi uliokatwa. Na wapo waliouawa wakiifanya, makumi ya watoto wa watu, wengine wetu tuliwajua. Ukisema jitu liliamka, umefuta kazi yao yote ukaandika muujiza.

Na matokeo yalikuja. 25 Juni watu waliingia Bungeni. 26 Juni Rais akakataa kuusaini mswada. 11 Julai akafuta karibu baraza lote la mawaziri. Tuliimba, tulilia, tulisema jitu limeamka, nchi haitakuwa ile ile.

Halafu? Baadhi ya mawaziri waliofutwa wakarudi hata kabla vumbi halijatulia. Desemba hiyo hiyo, sisi tukipanga Krismasi, Sheria ya Marekebisho ya Kodi ya 2024 ikasainiwa, na baadhi ya mambo yaliyokuwa kwenye mswada tuliouzika yakafufuka humo ndani. Hakuna aliyepanda gari la polisi. Hakuna aliyepigwa maji ya kuwasha. Ilipita tu, kama mtu anavyopita nyuma ya nyumba.

Hao walioirudisha si majitu. Hakuna mtu amewahi kuwaita majitu. Ni watu wa kawaida wenye kalenda.

Na kalenda yenyewe si siri, iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Lakini kufikia 1 Septemba kaunti yako inafaa iwe imepeleka mpango wa mwaka unaofuata mbele ya bunge la kaunti. Kufikia 15 Februari, Hazina ya Taifa inafaa iwe imepeleka sera ya bajeti Bungeni, inayosema pesa zitaenda wapi kwa jumla. Kufikia 28 Februari kaunti nayo inapeleka ya kwake. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe yako mezani. Kisha inakuja Juni.

Unaona shida? Sisi hukuja Juni. Chakula kilikatwakatwa Septemba, kikawekwa jikoni Februari, kikapakuliwa Aprili, sisi tunafika Juni tunapiga meza tukiuliza mbona kuna chumvi nyingi. Jitu linaloamka Juni limeamka limechelewa, hata liwe kubwa namna gani.

Katiba ya 2010 inasema umma ushirikishwe kwenye mambo ya fedha, Kifungu cha 201. Inasema kila mtu anaweza kupeleka ombi Bungeni, Kifungu cha 119. Inasema tunaweza kuandamana kwa amani bila silaha, Kifungu cha 37. Tumekishika hicho cha 37 mpaka kila mtu anakijua kwa moyo, na nafurahi, damu imemwagika juu yake. Lakini hicho cha 201 nani amekichapisha kwa tisheti? Kikao cha bajeti cha wadi kinaitishwa siku ya kazi, asubuhi, tangazo likiwa gazetini ambalo hakuna kijana hununua. Wamefanya hivyo makusudi? Pengine. Lakini wazee wachache wanaoenda huko ndio wanaosikika kuhusu kama wadi yenu itapata taa za barabarani ama uzio mwingine wa ofisi ya wadi, halafu tunashangaa mbona ukuta umezidi kupanda na gizani bado tunaporwa simu.

Sasa nikupe hesabu moja ambayo haijatoka kichwani mwangu tangu niifanye.

Uchaguzi wa urais wa 2022, wa kwanza alipata kura 7,176,141. Wa pili akapata 6,942,930. Toa. Tofauti ni 233,211. Kenya ina wadi 1,450. Gawanya. Unapata kama watu 161 kwa kila wadi.

Watu 161. Wewe umeona matatu ya watu 33? Hizo ni nganya tano, na bado kuna viti vitabaki. Urais wa nchi hii, pamoja na mawaziri wote, ving'ora vyote na madeni yote, tofauti yake ni nganya tano kwa kila wadi.

Hiyo si saizi ya jitu. Hiyo ni saizi ya watu unaowajua kwa majina. Ni timu yenu ya mpira, kwaya ya kanisa, wanaonyoa kwa kinyozi mmoja, darasa lenu la kidato cha nne na wadogo zao. Hakuna haja ya nchi kutetemeka. Kunahitajika mtu mmoja mwenye daftari anayeuliza: wewe umejiandikisha? Kitambulisho chako kiko wapi? Twende lini?

Na hapo ndipo inauma. Kwenye rejista ya 2022 kulikuwa na wapiga kura milioni 22.1. Wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40. Na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 kulinganisha na 2017. Rejista nzima ilikua, sisi tukapungua. Oktoba 2021 IEBC ilipanga kuandikisha wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja, ikapata kama milioni moja na nusu. Hao wengine hawakuwa wamelala, tayari nimesema. Wengine walikosa kitambulisho, wengine nauli, wengine walikuwa kazini. Lakini wengi, na tuambiane ukweli, walikuwa wanangoja siku moja.

Kuna majibu nayajua kabla hata sijaposti, wacha niyachukue.

"Kura haina maana, wote ni wezi." Sawa, sitakubishia kuhusu wote. Lakini kama kura haina maana, mbona wanainunua? Mbona mtu akupe mia mbili na leso kwa kitu kisicho na thamani? Mbona wanakodi matatu kubeba wapiga kura kutoka wadi nyingine? Mwizi hapotezi usiku wake kuvunja nyumba isiyo na kitu. Na usisahau kuwa 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais. 2022 fomu 34A za vituo zaidi ya elfu 46 ziliwekwa kwenye mtandao wazi, mtu yeyote mwenye bando angeweza kujumlisha mwenyewe. Kizazi kinachojua kuhariri video kwa simu yenye kioo kilichopasuka kinaweza kujumlisha fomu.

"Siasa ni ya wenye pesa." Mara nyingi, ndio. Lakini 2017 mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 23, John Paul Mwirigi, alisimama kama mgombea huru Igembe Kusini akashinda ubunge. 2022 Linet Chepkorir, huyu mnayemjua kama Toto, alichaguliwa mwakilishi wa wanawake Bomet akiwa na miaka 24. Sisemi uwapende, sisemi kila wanachofanya ni kizuri, hiyo ni juu ya watu wao kuwahukumu. Nasema hivi: hakuna aliyeamka. Kuna watu walizunguka vijiji, mlango kwa mlango, wakaomba.

"Ni rahisi kwako kuongea, wengine wametekwa." Hapa sina mzaha. Watu walichukuliwa na magari yasiyo na nambari, na familia zao zikalala kwenye milango ya vituo vya polisi. Sitamwambia mtu yeyote aende barabarani. Lakini ona vizuri wanachoogopa. Mtu halindi mlango dhidi ya aliyelala. Wangekuwa wanaamini kweli kwamba tumelala, wangetuacha tulale.

"Sisi hatuna kiongozi, na hiyo ndiyo nguvu yetu." Ilikuwa nguvu Juni, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kununua. Lakini Februari, kwenye sera ya bajeti, kutokuwa na kiongozi kunamaanisha hakuna mtu aliyetumwa kuisoma. Si lazima awe kiongozi. Awe tu mtu mwenye zamu. Hata nyumba ya wasee wanne ina zamu ya kuosha vyombo, la sivyo unajua jikoni kutanuka aje.

Kwa hivyo haya ndiyo maoni yangu, na nitayasema hadi mniblock. Nguvu haijalala ndani yetu. Haipo. Haijatengenezwa bado. Tulio nayo ni idadi, na idadi bila orodha ni umati wa stejini: watu wengi, kila mtu na gari lake. Nguvu ni kitu kinachotengenezwa na watu wachache wanaochosha, wanaouliza maswali yale yale kila wiki, wanaoandika majina. Haina muziki. Haipati watazamaji wengi, niamini, mimi naishi kwa watazamaji. Video ya mtu akikimbia moshi wa vitoa machozi itafika milioni. Video ya mtu akisoma makadirio ya kaunti itaangaliwa na mama yake. Na hiyo ya pili ndiyo waheshimiwa wangeogopa kama wangejua tumeifanya katika wadi 1,450.

Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Wale wa "jitu" wako njiani, tisheti zishachapishwa. Atakapokuja wa kwenu, aseme tena kwamba vijana ni jitu lililolala, usipige makofi. Inua mkono, kwa heshima zote. Muulize: mheshimiwa, mpango wa mwaka wa kaunti ulipelekwa lini? Kikao cha wadi yetu kilikuwa wapi, na nani alitangaziwa? Zile taa za barabarani ziko ukurasa wa ngapi? Akianza kusema sisi ni viongozi wa kesho, mwambie kesho tuna kazi, ajibu leo.

Na kabla hajafika, fanya hivi. Andika jina la wadi yako. Andika jina la MCA wako, na kama hulijui usijali, uliza, wengi hawalijui. Weka tarehe nne kwa simu yako, 1 Septemba, 15 Februari, 28 Februari, 30 Aprili, kama vile huweka siku ya mechi. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako ukajiandikishe, na usiende peke yako. Anza na wanne. Hao wanne kila mmoja awatafute wake wanne. Ukifika 161, wadi yenu imetosha, kunywa chai.

Majitu ni ya hadithi za nyanya, na hata huko nyanya hakuwahi kunisimulia hadithi ambayo jitu lilishinda. Kila mara lilikuwa kubwa, likala, likalala, na watoto wadogo waliokuwa wamepanga wakatoka na ng'ombe wote.

Mimi sitaki kuwa jitu. Nataka kuwa mmoja wa wale watoto.